Je, Wajua? Mabuu Waliotoa Ushahidi

Septemba 1935, karibu na mji wa Moffat, Uskoti, vipande vya miili ya wanawake wawili vilikutwa korongoni vikiwa na mabuu wa nzi. Dk. Alexander Mearns wa Chuo Kikuu cha Glasgow aliwachunguza mabuu hao, akakadiria umri wao kuwa siku 12 hadi 14. Kwa hiyo miili ilikuwa pale kwa angalau muda huo. Ushahidi mwingine ulikuwepo, tena mzito, na Daktari Buck Ruxton, aliyeishi kama mume wa mmoja wa marehemu, alinyongwa kwa mauaji mwaka 1936. Mabuu wenyewe wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho London! Ila hesabu hii ya umri wa mabuu hutegemea joto: penye baridi buu hukawia kukua, penye joto huharakisha. Mtaalamu asiyejua hali ya hewa ya siku zile atabahatisha tu.