JEMBE LINATOKA, MUGONGO UNALIA



Tangu mwezi wa 9 miti ya pori letu la Katanga ilianza kuvaa majani mapya, na sasa mvua za kwanza zimelaza vumbi la barabara. Katika kila lubanza watu wanatafuta jembe lililolala tangu mwezi wa 5. Bibi anahesabu mbegu za mahindi, watoto wanaulizwa wameweka wapi kamba ya kupimia. Ni wakati wa furaha. Lakini ni wakati huu pia ambapo, siku ya kazi moja asubuhi, watu wanaingia dispanseri wakishika kiuno kwa mikono miwili. Munganga anawauliza: "Ulianguka?" Hapana. "Uligongwa na mashini?" Hapana. Walikwenda shamba tu.

Tuchukue mufano wa shofere wa kamyo kubwa katika karieri. Muda wote wa kiangazi amekaa juu ya kiti, saa nyingi kila siku, na kamyo inamutikisa toka matakoni mpaka shingoni. Inajulikana vizuri kwamba mutikisiko wa namna hii, ukidumu miaka, unaleta maumivu ya mugongo. Tena, kwa kukaa sana, misuli ya mugongo, ya tumbo na ya mapaja inalegea. Halafu inafika siku ya posho moja ya mwezi wa 11. Anapanda kinga, anapiga kilomita 15, anafika shamba na kuinama juu ya jembe mpaka jua linakuwa kali. Siku ya yenga anarudia. Mugongo ambao kwa miezi 6 haukuombwa kitu umeombwa kila kitu kwa siku mbili.

Usiseme: "Mimi si shofere, mimi ninafanya kazi ya nguvu chini ya ardhi, jembe haliniwezi." Misuli inazoea kazi unayoipa, si kazi ya jirani. Mutu anayebeba vyuma kila siku anaweza kushindwa na matuta ya muhogo, kwa sababu kuinama saa 3 bila kunyooka ni kazi nyingine kabisa. Na kalaki wa biro, yeye hatuna haja ya kumusemea, anajijua.

Mugongo wako umejengwa kwa mifupa midogo iliyopangwa mumoja juu ya mwingine. Kati ya mufupa na mufupa kuna kisahani laini, chenye maji mengi ndani yake, kinachopokea uzito. Mifupa 5 ya kiuno na visahani vyake ndiyo inayobeba zaidi. Mwaka 1999 wachunguzi wa Ujerumani walitangaza matokeo ya kipimo walichokiingiza ndani ya kisahani cha mutu mumoja aliyekubali. Aliposimama wima, waliandika nguvu inayokandamiza kisahani. Alipoinua muzigo wa kilo 20 mugongo ukiwa umepindana, nguvu ile ilipanda zaidi ya mara 4. Alipoushika muzigo uleule karibu na kifua, ilikuwa kama mara 2 tu. Kilo 20 ni nini? Ni bido moja ya maji ya litre 20, ile ambayo watoto wetu wanaiinua kila asubuhi.

Hatusemi haya ili uogope kuinama. Mugongo wa binadamu ni kitu cha nguvu, umefanywa kwa kuinama na kwa kubeba. Kinachouumiza mara nyingi ni kazi ya ghafula, kazi ndefu bila kupumzika, na muzigo ulioshikwa mbali na mwili.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Usiku, ukiwa umelala, visahani vile vinakunywa maji na kuvimba kidogo. Ndiyo maana asubuhi urefu wako unazidi wa jioni kwa sentimita 1 au zaidi. Lakini kisahani kilichojaa maji ni kigumu, hakipendi kupindwa. Saa ya kwanza baada ya kuamka ndiyo saa mbaya kwa kuinama sana. Mwaka 1998 wachunguzi wa Marekani waliwafundisha watu wenye maumivu ya siku nyingi wasiiname mapema asubuhi, na maumivu yalipungua. Basi sisi tunafanya nini? Tunaamka gizani, na mara tu tukifika shambani tunapiga jembe. Hatukuambii uchelewe, kwa sababu jua la saa za muchana linajulikana. Tunakuambia uanze na kazi za kusimama: tembea kuzunguka shamba, funga kamba ya mistari, kaza mupini wa jembe, noa panga. Jembe lenyewe lifuate.

Na lifuate kwa kipimo. Mwezi wa 10 udongo wetu ni mugumu kama tofali. Kila pigo linarudi mugongoni. Mvua zikipiga mara mbili au tatu, jembe linaingia lenyewe. Lakini usingoje sana, maana anayepanda mahindi kwa kuchelewa anavuna majani. Kwa hiyo gawanya shamba. Juma la kwanza lima kipande kidogo, hata kama unajisikia na nguvu ya kumaliza yote, kwani maumivu hayaji saa ileile, yanakuja kesho yake. Juma la pili ongeza. Lima kama dakika 20, nyooka, weka mikono kiunoni, jipinde kidogo nyuma mara 5 au 6, kisha fanya kazi nyingine: okota majani, gawa mbolea, kunywa maji au munkoyo. Rudi kwenye jembe. Anayeweza, aanze mapema, majuma mawili au matatu kabla ya shamba kubwa: kutembea kwa haraka nusu saa baada ya kazi, kulima kidogo nyuma ya nyumba. Bustani ya lengalenga si kazi ya bibi peke yake.

Angalia jembe lako. Mupini mufupi unakulazimisha kuinama mpaka chini. Mwambie seremala akukatie mupini murefu zaidi. Piga magoti kidogo, sogea na miguu badala ya kujinyoosha kwa mugongo, badilisha mikono. Mufuko wa mbolea wa kilo 50 ubebwe na watu wawili, ao ugawanywe katika mifuko miwili. Bido mbili za litre 10, moja kila mukono, ni bora kuliko moja ya 20 upande mumoja. Na tuseme kweli: mara nyingi ni bibi anayelima na mutoto mugongoni huku bwana anapumzika chini ya muti. Yeye tayari amebeba muzigo. Umupe kazi ya kutia mbegu, au umushikie mutoto.

Sasa, kama mugongo umekwisha kukushika?

Zamani munganga alikuwa anasema: lala kitandani, usitikisike. Leo tunajua kwamba shauri lile halikuwa zuri. Mwaka 1995, kule Helsinki katika Finland, walilinganisha wafanyakazi wa muji wenye maumivu mapya ya kiuno. Wengine walilazwa kitandani siku 2, wengine walifanya mazoezi maalum, na wengine waliambiwa waendelee na maisha yao ya kila siku kadiri maumivu yanavyoruhusu. Hawa wa mwisho ndio waliopona haraka zaidi. Kwa hiyo, kama siku ya kwanza huwezi kusimama, lala kwa ubavu na kuweka muto kati ya magoti. Lakini amka kila mara, tembea katika lubanza, zunguka nyumba. Kitambaa kilicholowa maji ya moto kinasaidia. Kwa watu wengi maumivu yanapungua sana katika majuma machache, bila radio na bila shindano. Wako wanaoona kwamba munganga asiyewapeleka kwenye radio ni munganga mubaya. Huenda ndiye anayeijua kazi yake vizuri.

Dawa? Paracetamol wengi wanaimeza, lakini uchunguzi uliofanywa Australia na kutangazwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kwa maumivu mapya ya kiuno haikuponyesha haraka kuliko kidonge kisicho na dawa. Ibuprofene na diclofenac zinatuliza kidogo, lakini zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, zaidi kwa mutu anayetoka jasho juani bila kunywa maji. Usizinunue kwa hesabu sokoni; uliza dispanseri. Mikaba ya kiuno inayouzwa barabarani, Shirika la Afya la Dunia halikuishauri kwa maumivu ya muda murefu katika maagizo yake ya mwaka 2023, lilipendekeza mazoezi. Na kuchanjwa kwa wembe uliotumiwa na wengine kunaweza kukupa ugonjwa mukubwa kuliko ule wa mugongo.

Neno moja juu ya figo. Watu wengi wanafika na kusema: "Nina ugonjwa wa figo." Ni kwa sababu ya Kifaransa: kiuno wanakiita "reins", na neno hilo ni la figo pia. Mara nyingi figo hazina kosa lolote. Lakini kama mukojo unachoma au una damu, ama maumivu yanakuja kwa mawimbi ubavuni pamoja na kutapika, hapo figo zinaweza kuhusika.

Kuna alama ambazo hazingoji siku ya kazi moja. Ukishindwa kukojoa, au mukojo ao choo kinatoka bila wewe kujua. Ukipoteza hisia katikati ya mapaja, mahali unapokalia tandiko la kinga. Muguu ukilegea na kuburuta: nenda hospitali saa ileile, hata usiku, kwa sababu mishipa ya fahamu inakandamizwa na kila saa ina maana. Nenda upesi pia kama maumivu yalianza baada ya kuanguka, au kama una homa. Na kama mugongo unauma hata usiku ukilala, unakonda, unatoka jasho la usiku, unakohoa, fikiri kifua kikuu. Ugonjwa huu unaweza kuingia katika mifupa ya mugongo, na sisi watu wa mugodi tunapaswa kuwa macho zaidi, kwani mapafu yaliyovuta vumbi la mawe yanashikwa nao kwa urahisi.

Ukirudi kazini na mugongo haujapona kabisa, mwambie kapita kabla ya kupanda juu ya mashini, si baada ya saa mbili. Omba kazi isiyo ya kuinua muzigo kwa siku chache. Kazi nyepesi inasaidia zaidi kuliko kukaa nyumbani majuma mazima. Wewe shofere, rekebisha kiti mpaka miguu ifikie pedali bila kujivuta, na mugongo uegemee. Kila unapongoja kupakiwa mawe, nyooka kadiri kanuni za karieri zinavyoruhusu. Na mwisho wa kazi usiruke chini kutoka kwenye kamyo: geuka uso kwenye ngazi, shika kwa mikono, teremka hatua kwa hatua.