Wanasarakasi Wakipita Turbo

Sogeeni karibu, wapwa wangu. Mmoja wenu ameniuliza swali, na mimi swali zuri silinyimi jibu.

"Mjomba, wale watu wa sarakasi hutumia dawa?"

Hongera kwa kuuliza! Wengi hutazama tu, wakapiga makofi, wakaenda kulala. Wewe umetaka kujua.

Haya. Tuseme leo ni Jumamosi, hapa Turbo. Malori yanapita kwenda Malaba, yanapita tu. Mama wa mahindi choma anapepea makaa yake. Mara lori moja linaacha barabara kuu na kuingia uwanjani. Turubai lake halina maandishi. Wanashuka vijana ambao hakuna anayewajua. Wanashusha ngoma, wanashusha viti, wanashusha godoro moja kuukuu.

Ngoma inalia, watu wanajaa. Kijana mmoja anasimama imara. Wa pili anapanda mabegani mwake. Wa tatu anapanda mabegani mwa wa pili, ananyoosha mikono, anacheka!

Babu mmoja anashika kofia yake. "Haya ni mazingaombwe!"

"Ni mazingaombwe, Mjomba?"

Tuliulize godoro. Godoro linajua mengi.

"Mimi ni godoro," linasema. "Nyinyi mnamwona akisimama. Mimi namjua alipokuwa akianguka. Alianguka asubuhi, akainuka. Alianguka jioni, akainuka. Mgongo wake naujua, magoti yake nayajua. Mchawi angenibebea nini? Anayejifunza ndiye anayenibeba."

Mmelisikia godoro?

"Sasa mbona haanguki, Mjomba?"

Ah, hapo ndipo penye utamu. Mmemwona shangazi akitoka kisimani na mtungi kichwani. Mtungi umekaa juu ya ngata, ngata juu ya kichwa, na shangazi mwenyewe juu ya nyayo zake. Uzito wote ukishuka katikati ya nyayo, mtungi unatulia. Ukishuka nje ya nyayo, pwaa! Maji chini. Lakini mtazame vizuri. Shangazi hasimami kama nguzo ya stima. Shingo inasogea kidogo, kiuno kinasogea kidogo, kabla mtungi haujapata nafasi ya kuponyoka. Mnara wa vijana watatu unasimama kwa njia hiyo hiyo. Wapo hata wanaosimamishana kichwa kwa kichwa, na baadhi yao huweka ngata ndogo katikati, kama ya shangazi.

Jaribu sasa hivi. Simama kwa mguu mmoja. Kifundo kinatetemeka? Vizuri sana! Huko kutetemeka ni mwili wako ukitafuta katikati. Sasa fumba macho. Umeyumba zaidi, sivyo? Macho nayo yalikuwa yanasaidia. Ndani ya sikio pia kuna vijia vitatu vyembamba vyenye majimaji. Ukigeuza kichwa, majimaji yanachezacheza, na ubongo unapata habari kwamba umegeuka. Mwanasarakasi ana masikio kama yako. Ameyafundisha tu kwa muda mrefu.

Jumapili asubuhi lori limeondoka. Lakini Turbo si ile ya jana. Mtoto wa mama wa mahindi anapiga kichwangomba kwenye nyasi. Msichana ambaye darasani hasemi, leo anahesabu kwa sauti, "moja, mbili, tatu, panda!" na wavulana wanamtii. Vijana wawili wa bodaboda waliogombana mwezi mzima wanashikana mikono, maana mmoja anataka kupanda na mwenzake ndiye mwenye mabega. Hakuna aliyewahubiria. Wameona mtu mwenye mikono miwili na miguu miwili kama yao akifanya jambo, basi nao wanataka kulijua.

"Mjomba, hiyo ni hadithi tu, au ilitokea?"

Swali la mtu mwerevu! Lori la Turbo ni la hadithi yangu. Lakini jambo lenyewe lilitokea kwa jirani zetu Tanzania, tena kwa nchi nzima. Miaka ya 1960, serikali ilipeleka kundi la vijana China kujifunza sarakasi. Wachina wameicheza kwa zaidi ya miaka 2,000. Vijana wakarudi, na mwaka 1969 Tanzania ikawa na kikundi cha taifa cha sarakasi. Watu wakatazama, wakaiga. Vikundi vya sanaa vikaiingiza katika maonyesho yao, pamoja na ngoma, nyimbo na vichekesho. Baadaye ikafundishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981. Hapa kwetu Kenya, Sarakasi Trust ilianzishwa Nairobi mwaka 2001. Ukumbi wake uko Ngara, mahali palipokuwa na sinema zamani.

Na mwaka 2024 wanasarakasi wawili wa Tanzania, Fadhili na Ibrahim, wanaojulikana kama Ramadhani Brothers, walishinda shindano la America's Got Talent: Fantasy League huko Marekani. Mmoja chini, mwenzake juu, kichwa kwa kichwa, miguu hewani. Mimi husema waliocheza siku ile walikuwa wengi kuliko wawili. Nyuma yao kuna waliotangulia kuanguka na kuinuka.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ukitaka kujaribu, jaribu kwenye nyasi, si kwenye saruji. Mwite mtu mzima akushike kiuno. Usipande mabegani mwa mtu kabla hujaweza kusimama kwa mguu mmoja na kutulia. Na wanasarakasi wakifika Turbo, wahi kukaa mbele. Watu wote watamtazama aliye juu. Wewe tazama vidole vya miguu vya aliye chini, halafu uje unieleze vilikuwa vinafanya nini.