Fahamu: Ukinunua pikipiki ya umeme iliyotumika, anza na betri

Anayenunua pikipiki ya petroli iliyotumika husikiliza injini na kutazama moshi. Kwenye ya umeme, sehemu kubwa ya thamani imo katika betri, kwa hiyo swali la kwanza ni betri hiyo ni mali ya nani. Nchini Kenya na Rwanda, kampuni kama Ampersand na Spiro huuza pikipiki huku betri zikibaki zao. Dereva hufika kituoni akabadilishiwa iliyochajiwa. Mwenye pikipiki ya aina hiyo hawezi kukuuzia betri. Usitoe pesa kabla kampuni haijathibitisha kuwa itakuhudumia wewe, mkopo wa pikipiki, kama ulikuwapo, umekwisha kulipwa, na kwa Kenya, kumbukumbu za mamlaka ya usafiri, NTSA, zinamtaja muuzaji kuwa mmiliki.

Kama betri inauzwa pamoja na chombo, pima uwezo wake. Betri ya lithiamu huchoka kadiri inavyochajiwa na kutumika, na asilimia 100 kwenye dashibodi humaanisha tu kwamba imejaa, si kwamba ni nzima. Ijaze, endesha pikipiki ukiwa na abiria, panda mlima, kisha linganisha kilomita ulizopata na zile zilizotangazwa ilipokuwa mpya. Wapo watakaosema hofu hii imezidi, kwani mota ya umeme haina plagi wala kabureta ya kuharibika. Ni kweli, na ndiyo faida yake. Lakini mota nzima bila betri haikufikishi popote, na bei nafuu ya leo huliwa yote siku ya kununua betri mpya.