Vidonda vya Kinywani

Wasikilizaji wetu, kidonda kidogo kinywani humnyima mtu chakula na usingizi, lakini asili yake si moja. Kingine hutokana na kujiuma, au jino lililovunjika, au uji wa moto. Kingine na upungufu wa damu na vitamini. Utando mweupe mdomoni mwa mtoto mchanga ni kuvu, nao una dawa yake mbali.

Kidonda chepesi twakitibu hivi: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika bilauri ya maji ya vuguvugu, tukasukutua na kutema mara 3 kutwa, tukaacha pilipili na ndimu. Sisi wa Mazimbu tusidharau mboga za majani na maharagwe yashukayo kutoka Uluguru, maana huongeza damu.

Kidonda hicho hupona kwa siku 7 hata 14. Basi tuzihesabu! Kikipita majuma 3, hasa kwa mtumiaji wa tumbaku au pombe, aende kwa daktari, kwani saratani ya kinywa huweza kuanza pasipo maumivu. Na mtoto dhaifu aliyetoka kuugua surua, ufizi wake ukivimba na kunuka, asingojee hata siku moja: huenda ikawa noma, ulayo shavu upesi. Hapo chumvi haitoshi. Dawa ya hospitali, ikiwahi, humwokoa.