Mtu Akizimia: Lini Apumzishwe, Lini Akimbizwe Hospitali

Watu wetu hapa Johannesburg hawakosi kisa cha mtu aliyezimia. Yupo aliyeanguka kwenye foleni ya vibali baada ya kusimama tangu alfajiri, yupo mama aliyelegea kanisani huko Yeoville, na yupo kijana aliyedondoka katikati ya mechi ya Jumapili. Mwisho wa kisa huwa uleule: akamwagiwa maji, akaamka, akapewa soda, akarudi nyumbani. Mara nyingi hapakuwa na hatari yoyote. Shida ni zile mara chache ambazo hatari ipo, kwa sababu kwa macho ya waliosimama pale zote zinafanana.

Mimi ni muuguzi. Nilisomea diploma nyumbani, shahada nikaipatia ugenini, na swali ninalopigiwa simu mara kwa mara ni hili: "Dada, kazimia, tumpeleke hospitali au tumwache apumzike?" Kuanguka peke yake hakutoi jibu. Angalia mambo matatu: alikuwa anafanya nini kabla ya kuanguka, alikaa muda gani bila fahamu, na aliamka akiwa katika hali gani.

Kwa nini mtu anazimia

Ubongo hauna ghala la akiba. Ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unachukua takriban asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo. Damu ikipungua kichwani kwa sekunde chache, fahamu zinakatika na mwili unalegea. Mtu akishalala chini, damu hairudi tena kwa kupanda, inafika kichwani kwa urahisi, na kwa kawaida ndani ya dakika moja anafumbua macho.

Kuzimia kwa kawaida zaidi kunatokana na neva inayoitwa vagasi. Hofu, maumivu, kuona damu, kuchomwa sindano, joto au kusimama muda mrefu vinaweza kuiamsha kupita kiasi. Mapigo ya moyo yanapungua, mishipa inatanuka, na presha inashuka ghafla. Aina hii hutoa taarifa kabla: kichefuchefu, kijasho chembamba, masikio kuvuma, macho kuingia giza, uso kupauka. Ukizisikia dalili hizo, kaa au lala pale pale ulipo. Usione aibu, wala usikimbilie chooni, maana huko utaanguka peke yako na kujigonga.

Aina ya pili ni ya kusimama ghafla. Ukiinuka, nusu lita ya damu au zaidi hushuka miguuni na tumboni, na mishipa inatakiwa kujibana haraka ili kuirudisha juu. Ikichelewa, unaona kizunguzungu au unaanguka. Hutokea kwa anayeharisha, aliyefunga, aliyelewa, mzee, na anayetumia dawa za presha. Jiji hili liko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na majira ya baridi hewa yake ni kavu sana. Aliyekulia Mombasa au Dar, akiwa haoni jasho, husahau kunywa maji mpaka jioni.

Wengi hutishika wakiona mikono na miguu ya aliyezimia inatikisika. Mtikisiko wa sekunde chache unaweza kutokea ubongo unapokosa damu. Si lazima kiwe kifafa, na hakuna haja ya kuanza kukemea pepo. Kifafa kwa kawaida hutikisa kwa muda mrefu zaidi, mtu anaweza kujing'ata ulimi pembeni, na akiamka anabaki amechanganyikiwa kwa dakika nyingi, hata watu wake hawatambui vizuri. Kama ni mara ya kwanza, naye apelekwe hospitali.

La kufanya pale pale

Mlaze chali, inua miguu yake, legeza tai, mkanda au mtandio uliobana shingo. Watu wasimzonge. Angalia kama anapumua vizuri. Akipumua lakini bado hajaamka, mgeuze ubavu. Usimkalishe wala kumsimamisha kwa nguvu, kwa sababu damu ndiyo kwanza inaanza kurudi kichwani. Usimmwagie maji mdomoni, usimnusishe kiatu, na usimwekee kijiko katikati ya meno. Akiamka, alale dakika kumi au zaidi, kisha aketi, ndipo asimame.

Kama hapumui, au anakoroma na kutweta kama samaki aliyetolewa majini, huko si kuzimia tena. Moyo umesimama. Mtu mmoja apige simu, mwingine aanze kukandamiza katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike.

Wapenzi wa soka wanakumbuka tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon, Ufaransa. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani katika mechi dhidi ya Colombia bila kuguswa na mtu. Alifariki akiwa na miaka 28, na uchunguzi ukaonyesha misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kupita kawaida. Tarehe 17 Machi 2012, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa akichezea Bolton, alianguka vivyo hivyo jijini London. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, lakini kifua chake kilianza kukandamizwa mara moja na hakikuachwa. Yuko hai mpaka leo.

Usisubiri kesho

Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ameshaamka na anacheka, ikiwa:

- alizimia akikimbia, akicheza au akibeba mzigo, na si baada ya kupumzika;
- alizimia akiwa amelala au ameketi, au ghafla bila dalili yoyote ya kumtahadharisha;
- moyo ulimwenda mbio, kifua kiliuma au pumzi zilimwishia;
- ana ugonjwa wa moyo, au katika ukoo wenu kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana;
- ni mwanamke aliyekosa siku zake na tumbo linamuuma, kwani mimba inaweza kuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi na damu inavuja ndani;
- ni mjamzito wa miezi ya mwisho au amejifungua miezi ya karibuni, miguu imevimba na hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Huo unaweza kuwa moyo uliochoka kwa uzazi, ugonjwa uliochunguzwa kwa miaka mingi hapa Soweto, katika hospitali ya Chris Hani Baragwanath;
- mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki sawa, au kichwa kinauma kuliko alivyowahi kuumwa;
- amepata choo cheusi kama lami, anatapika damu, au amejigonga kichwa;
- ana kisukari na anatumia dawa au sindano za kushusha sukari;
- ana homa na alikuwa nyumbani wiki za karibuni. Johannesburg haina malaria, kwa hiyo daktari anaweza asiifikirie. Mwambie mapema mgonjwa ametoka wapi.

Mwombe daktari apimwe kwa ECG, mashine inayosoma umeme wa moyo. Ni kipimo cha dakika chache na hakiumi.

Jiko la mkaa chumbani

Juni na Julai, umeme ukikatika, wengi huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Mkaa huo, na hata jenereta, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, usingizi unakuja, na mtu anazimia akidhani ni uchovu. Watu wawili wakijisikia vibaya katika chumba kimoja, usianze kumtafuta mchawi. Fungua mlango, watoe wote nje, kisha piga simu. Jiko liwake nje, wala lisiachwe chumbani usiku "likipoa".

Karatasi zisikuzuie

Kuna ndugu wanaomficha mgonjwa ndani kwa kuogopa kuulizwa kibali. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Afrika Kusini kinasema hakuna mtu anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura. Kinasema mtu, hakikusema raia. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilithibitisha pia kwamba wajawazito, wanaonyonyesha na watoto walio chini ya miaka 6 wana haki ya huduma bila malipo katika hospitali za serikali, bila kujali uraia wao. Wafuasi wa Operation Dudula waliposimama kwenye milango ya kliniki mwaka 2025 wakidai vitambulisho, mahakama iliwazuia mwezi Novemba. Najua hukumu ya mahakama haimwondoi mtu mwenye hasira getini. Basi msimwache mgonjwa aende peke yake. Aende na mtu anayejua Kiingereza au Kizulu, tena yule aliyemwona akianguka, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hakumbuki, na maelezo ya aliyeshuhudia yana uzito kwa daktari kama kipimo.

Andika namba hizi kwenye simu ya kila mtu nyumbani, watoto wakiwemo: 10177 kwa gari la wagonjwa la serikali, na 112 kwa simu ya mkononi. Kisha wafundishe anwani ya nyumba yenu, maana mtaa ndilo jambo la kwanza watakaloulizwa.