Kuondoa, Kuengua na Kufuta Faili

Neno "kufuta" limetwishwa mzigo mkubwa mno katika Kiswahili cha kompyuta. Mwalimu hufuta ubao, na akishaufuta hapana herufi inayosalia. Mwenye kompyuta naye huambiwa na mashine yake kuwa faili "imefutwa". Kwa sababu ya ubao ule, huamini kwamba kilichofutwa hakipo tena. Kwa upande wa kompyuta imani hiyo aghalabu si kweli, na yaweza kumletea hasara.

Tuchukue mfano wa karani wa kikundi cha wachimbaji wadogo huko Songwa, wilayani Kishapu, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Hesabu za mgawo wa wanachama amezipanga katika lahajedwali. (Neno hili, lililoundwa kwa "laha" na "jedwali", twaliona zuri, kwa kuwa lajieleza lenyewe. Ama "faili", tumeitumia hapa kwa vile imekwisha kukaa vinywani. Wenye kupenda "jalada" na waendelee nalo masijalani.) Siku moja karani huyo anakusudia kufuta faili nyingine, lakini anaifuta ile ya mgawo.

Katika hatua ya kwanza, faili haikwenda mbali. Imehamishwa tu hadi tupioni, na kutoka huko hurejeshwa mahali pake kwa kubofya mara moja. Isipokuwa, kwa kompyuta nyingi, faili iliyokuwa kwenye flashi haipitii tupioni kabisa. Hilo yafaa lijulikane na kila mwenye kutunza hesabu za watu.

Hatua ya pili ndiyo yenye utata. Tupio likimwagwa, kompyuta haipangusi maandishi. Hukata tu jina la faili katika orodha yake na kuhesabu kuwa nafasi ile iko wazi, kama karani wa masijala anayekata namba ya jalada katika daftari, ilhali jalada lenyewe bado liko rafuni. Katika mfumo wa zamani wa MS-DOS, herufi ya kwanza ya jina la faili ndiyo iliyobadilishwa kwa alama maalumu, na yaliyomo yakaachwa palepale. Ndiyo maana mwaka 1982 Mmarekani Peter Norton aliweza kuuza programu ya kuzirudisha faili za namna hiyo, na mwaka 1991 toleo la 5 la MS-DOS likaja na programu yake lenyewe.

Hatua ya tatu huja pale faili nyingine inapoandikwa juu ya nafasi ile. Hapo ndipo ubao umefutwa kweli.

Sasa msomaji atazame anachofanya karani wetu. Ameambiwa "imefutwa", basi kwa bidii anaanza kuandika hesabu upya katika kompyuta ileile, na kila anachokihifadhi chaweza kuangukia juu ya kile anachokilia. Laiti angaliambiwa vingine, angaliiacha mashine kama ilivyo na kumwita fundi.

Wachimbaji wa Geita na Shinyanga hawahitaji somo refu juu ya jambo hili. Mchanga uliokwisha kuoshwa mwaloni hawauiti taka. Huuita "marudio", maana dhahabu iliyosalia ndani yake hupatikana kwa kuchenjua tena. Kadhalika "magwangala", yaani mawe yanayotupwa na mgodi mkubwa, yalikuwa na thamani ya kutosha hata mwaka 2016 Rais Magufuli akaagiza wananchi wa Geita wapewe. Lugha ya machimboni imetofautisha kilichotupwa na kilichokwisha.

Twapendekeza basi "kuondoa" kwa hatua ya kwanza, "kuengua" kwa ya pili, na "kufuta" ibaki kwa ya tatu peke yake. Jina la mgombea likienguliwa katika orodha, mgombea mwenyewe yu hai nyumbani kwake. Maana hiyo ndiyo tunayoitaka. Kurudi kutoka tupioni kuitwe "kurejesha". Kutafuta faili iliyoenguliwa kuitwe "kufukua", kwa kuwa ni kazi ya kuchimba na si kila shimo hutoa kitu. "Kufufua" hatulipendi, kwani faili haijafa. "Kuokoa" nalo huchanganyika kirahisi na "kuhifadhi".

Wafasiri wajihadhari na jambo moja zaidi. Katika diski za kisasa zisizo na sahani ya kuzunguka, mara nyingi kompyuta huijulisha diski nafasi zilizoachwa wazi, nayo huzisafisha yenyewe upesi. Humo kuengua na kufuta hukaribia kuwa tendo moja, na kufukua hufaulu kwa nadra. Kwa hiyo ujumbe wa hatua ya kwanza wafaa usomeke: "Faili imeondolewa. Ipo tupioni." Na ule wa pili, kabla tupio halijamwagwa: "Faili zitaenguliwa, na huenda zisifukuliwe tena. Uendelee?"