Mvua Isiyo na Matone

Wanangu, mmewahi kulala chini ya bati mvua ikinyesha? Mwanzo ni to, to, to. Baadaye matone hayahesabiki tena, ni mvumo mtupu. Lakini tega sikio: mvumo ule hupanda na kushuka, maana matone hayapangi foleni. Huanguka mawili kwa pamoja, kimya kidogo, kisha matano.

Mwaka 1918 Mjerumani Walter Schottky alieleza kwamba umeme nao una mvumo wa namna hiyo. Hubebwa na elektroni, nazo hufika moja moja kama matone. Ukiupima mvumo, utajua kila tone limebeba kiasi gani. Jambo hili hunishangaza hadi leo: kumtambua mchukuzi kwa kishindo cha mzigo wake!

Sasa, zipo metali zinazoitwa za ajabu. Waya wa shaba ukipozwa sana, ukinzani wake, yaani nguvu ya kuuzuia umeme, hupungua, kisha hutulia. Metali ya ajabu haitulii. Hata kwenye baridi kali, kila digrii ikishuka, ukinzani hushuka kwa kiasi kilekile, kama mstari uliopigwa kwa rula. Hesabu za metali za kawaida hazielezi hilo.

Ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, na wenzao wa Vienna wakaamua kusikiliza. Walichukua metali ya iterbiamu, rodiamu na silikoni, wakaichonga waya mwembamba kuliko unywele mara mamia. Wakaupoza hadi karibu digrii 270 chini ya sifuri, wakapitisha umeme. Wakapima na waya wa dhahabu, wapate kulinganisha.

Dhahabu ilivuma kama ilivyotarajiwa. Ile ya ajabu ilivuma kidogo mno.

Hawakukimbilia kushangilia, na hapo ndipo ninapowapenda. Huenda mitetemo ya atomu ndiyo iliyoumeza mvumo? Wakapima hilo pia, kwa nyaya ndefu zaidi. Mitetemo haikutosha kumeza kiasi kile. Mwaka 2023 wakatangaza walichokisikia.

Umeme ulipita, ila matone hayakusikika. Inaelekea humo ndani elektroni zimechanganyikana hata hakuna inayobeba mzigo wake peke yake. Mmeona uji mzito ukimiminwa kwa upawa? Hushuka utepe mmoja, kimya, hadi kikombe kinajaa.